Nimerudi Kariakoo

Nimerudi Dar moja kwa moja baada ya miaka mingi Guangzhou, na kila nikipita Kariakoo naulizwa: "Kaka, China bado kuna hela?" Hela ipo. Kilichobadilika ni njia inayopita.

Nilipokwenda, China ilishajiunga na Shirika la Biashara Duniani, Desemba 2001, na viwanda vya Guangdong, jimbo lenye Guangzhou, vilisaka wateja kila pembe ya dunia. Mwenye duka Mtaa wa Kongo alihitaji mtu wa kumwamini kule: anayejua kiwanda chenye viatu vya kudumu, anayekagua mzigo kabla haujafungwa, anayekusanya wateja kadhaa wajaze kontena moja la futi 40. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha. Jioni pale Xiaobei, eneo la Guangzhou walikojaa wafanyabiashara wa Kiafrika, ulisikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa mtaa mmoja. Faida yetu ilikaa kwenye umbali: duka halikujua bei ya kiwandani, na kiwanda hakikulijua duka.

Simu imeumaliza umbali huo. Mwaka 2020, Korona ilipofunga mipaka, wateja wangu walianza kuagiza wenyewe kwa WeChat, programu ya Kichina ya kutumiana ujumbe. Mipaka ilipofunguliwa, wengi hawakunihitaji tena, na siwalaumu. Kisha muuzaji wa kule naye akaja huku. Ubungo, palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, sasa pana kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichojengwa na mwekezaji wa Kichina na kuzinduliwa Agosti 2025. Mteja wa Lubumbashi au Lusaka anaweza kufungasha mzigo hapo asikanyage Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.

Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja ukiacha supamaketi, ufundi simu na uwakala wa kutuma pesa. Mawinga, yaani madalali wa Kariakoo, na wenye fremu ndogo walifurahi, nami nawaelewa. Kodi ya fremu haisubiri. Lakini amri hiyo inamgusa anayesimama dukani. Bidhaa inatengenezwa wapi, haisemi, na hapo ndipo roho inaponiuma. Sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga inaondoka ikiwa imechambuliwa tu. Inarudi shati, na kila aliyelishika njiani ameshakula chake.

Mimi nimeanza kushonesha mabegi ya shule kwa mafundi wa Mbagala. Kitambaa na zipu bado naagiza Guangdong, maana watu wa kule nawajua na bei zao nazijua. Kazi ngumu ni ushindani: begi lililokwisha kushonwa kule linauzwa Kariakoo kwa bei inayokaribia gharama yangu ya kitambaa peke yake. Ninachowazidi ni uimara na kurekebisha begi likichanika, na wazazi wameanza kulielewa hilo.

Ndugu zangu mnaoshona mabegi, sare au viatu Dar, Arusha au Mwanza: kitambaa mnakipata wapi kwa bei inayolipa, na wateja wa Zambia na Kongo mnawafikiaje? Niandikieni.