Siku mjomba alipopima trela kwa mpira wa maji

Hii ilikuwa Malindi, nikiwa bado najifunza ufundi kwa mjomba, gereji yake iko barabara ya Lamu na kazi yetu kubwa ilikuwa springi za malori ya chumvi yanayotoka Gongoni na Marereni. Ami mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amerudi kutoka Marekani na akaja na trela ya kulala, ndani jiko, kitanda, choo, kila kitu. Si ile ya kufungwa nyuma kwa bampa, hii ina shingo inayopanda mpaka juu ya bodi ya pikapu, chini ya shingo kuna pini ya inchi 2 inayoingia na kujifunga kwenye sahani, yaani bamba la chuma lililofungwa ndani ya bodi ya pikapu, mfumo ule ule wa matrela ya bandarini Mombasa. Gari lake la kule hakulileta maana Kenya haisajili gari za kawaida za usukani wa kushoto, akanunua Land Cruiser 79 hapa hapa, akafungiwa sahani kwa fundi mwengine, akatujia tu tumkagulie breki.

Mjomba hata hakuangalia breki. Alisimama mbali, upande wa mlango wa duka la jirani, akaiangalia kwa ubavu muda mrefu kisha akasema, "Ami, hii pua iko juu."

Na kweli ilikuwa juu. Land Cruiser imeinuka na trela ya Marekani ilitengenezwa kwa pikapu za kule, kwa hivyo shingo imepanda na mkia umeshuka. Ami akasema lakini pini imeingia na imejifunga, na watu waliokusanyika pale wakamuunga mkono. Mjomba akamuonyesha ekseli, trela ilikuwa na mbili, akamwambia pua ikiwa juu mzigo unarudi nyuma unalalia ekseli ya mwisho, zile tairi mbili zinabeba kazi ya nne, kwa joto letu hili na lami ya mchana zitapasuka na utasingizia tairi. Inatakiwa ikae sawa, au pua ishuke kidogo tu.

Kitu ninachokipenda mpaka leo ni vile alivyopima. Kwanza akakataa kupima trela tupu. Alimwambia ami ajaze tangi la maji, atie mitungi ya gesi, magodoro, masufuria, vyote anavyosafiri navyo, kwa sababu shingo inaipa pikapu uzito, kwa trela za aina hii huwa kama asilimia 15 mpaka 25 ya uzito wa trela nzima, yaani ikiwa kilo 2,500 basi pikapu inakaliwa na 375 mpaka 625, na springi za gari lazima zishuke. Ukipima tupu unapima gari ambalo halitakwenda safari. Halafu tukaipeleka kwa jirani anayeuza simiti, sakafu yake ya zege, na mjomba akachukua mpira wa maji, ule wa kuonekana ndani ambao mafundi wa mjengo hupimia usawa, kwa kuwa maji hukaa kimo kimoja ncha zote mbili, ncha moja nikaishika mimi mbele ya fremu na nyengine yeye nyuma, maji yakitulia tunapima kwa futi. Mbele ilizidi inchi 5. Watu wote wakanyamaza, maana maji hayabishaniwi.

Sasa hapo ndo pagumu. Dawa ya haraka ni kushusha sahani, matundu ya kuifungia chini zaidi yalikuwepo. Lakini tulivyokadiria, ukishusha hivyo, kati ya kingo za bodi na tumbo la shingo inabaki nafasi isiyofika inchi 4, na inatakiwa angalau kama 6, maana tuta la kwanza tu gari likiinama na trela bado iko juu ya tuta, au ukikata kona penye shimo upande mmoja, shingo inakuja inagonga bodi. Ukipata usawa unakosa nafasi, ukipata nafasi unakosa usawa. Mimi naona hapa ndipo mafundi wengi huchoka wakachagua moja.

Mjomba akaamua gari aliache, ainue trela. Springi zilikuwa zimekaa chini ya ekseli, azipandishe juu yake, unene wa ekseli na wa springi ukijumlishwa unapata karibu zile inchi 5 zote. Ami akauliza si mgeuze ekseli tu juu chini, kazi iishe? Mjomba akavuta uzi kutoka ncha hadi ncha akamuonyesha ekseli imepinda kidogo kwenda juu katikati, imefanywa hivyo makusudi ili ikibeba inyooke, ukiigeuza tairi zitalala zikilika upande. Kwa hivyo tukachomelea vikalio vipya vya springi upande wa juu, ekseli ikabaki vile vile, na yubolti mpya ndefu, zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli.

Mkewe ami ndiye aliyeona tatizo ambalo hakuna mwanamume pale aliliwaza, mlango uko kulia, kule ni upande wa kando ya barabara lakini kwetu unafungukia katikati ya barabara, na sasa ngazi imekuwa juu zaidi. Mjomba akamwambia, "Mama, ngazi nakuongezea, lakini mlango usiwafungulie watoto mpaka gari litoke kabisa barabarani." Upepo pia alimtajia ami, trela imepanda, kasi ipungue.

Tukaijaribu kwa kuvuka daraja la Sabaki mpaka Mambrui na kurudi. Kila tukisimama mjomba anashuka anashika tairi kwa kiganja, za mbele kisha za nyuma, kulia na kushoto, mwisho akaniita nami nishike. Zote joto moja. Akachukua spana akakaza yubolti tena zote, akamwambia ami akifika Watamu azikaze mara nyengine, ndo akataja bei yake.