Khalati na zimwi lisilo na jina: usiku wa picha mbili darini kwetu Kibokoni

Karatasi nilikata arubaini, nikanunua na kalamu kumi. Mpango wangu ulikuwa hivi: watu waangalie picha mbili za sinema, za kale, za kutisha, zikiisha kila mtu aandike maoni yake, nami nikusanye. Asubuhi yake nilipozifungua nilikuta "nzuri", "safi sana", "mashallah", "nzuri" tena, na moja mtu kaandikia hesabu ya viazi karai. Kwa hivyo nikisema maoni ya watu niliyapata, msidhani ni kwa ile akili ya karatasi.

Picha zenyewe zilikuwa Nosferatu ya mwaka 1922, ya Mjerumani F. W. Murnau, na Frankenstein ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale huko Marekani. Ya kwanza ni bubu, ya pili inasema. Nilizichagua kwanza kwa ufupi wake: Nosferatu ni kama saa moja na nusu, Frankenstein dakika 70 tu, na mimi muda wangu ulikuwa kuanzia baada ya isha mpaka wazee waanze kupiga miayo. Halafu nilikuwa na hamu ya kujua kama vitisho vya karibu miaka mia vitamshika mtu wa Mombasa, ambaye tangu utotoni keshasimuliwa habari za mwanamke mzuri anayesimama njiani usiku, na ukimtazama miguuni, kwato.

Hakuna aliyelipa hata shilingi. Dari ni letu, waliokuja ni jamaa na majirani. Kuonyesha watu picha kwa kiingilio kuna leseni zake na mimi huko sikutaka kujitia.

Shuka ndiyo iliyonitoa jasho. Nilishona mbili nyeupe pamoja nikazifunga kwenye kamba ya kuanikia, na ulikuwa msimu wa kusi. Kufika saa kumi na moja jioni shuka lilikuwa linapiga makofi peke yake. Jirani yetu mmoja, nahodha mstaafu aliyekuwa akienda Lamu kwa jahazi, alisimama chini kichochoroni akalitazama, kisha akapanda ngazi bila kuitwa. "Tanga umeweka, foromali iko wapi?" Akataka mianzi miwili. Mmoja akaupitisha kwenye pindo la juu, mwengine akaufunga chini uwe mzito, akakaza pembe nne kwa mafundo ambayo mpaka leo sijui kuyafungua. Baada ya hapo shuka halikutikisika tena. Projekta nilikuwa nimeazima, spika ilikuwa ya mtu wa harusi, na hayo sina la kuyasema.

Nosferatu ina vibao vya maandishi vinavyokatiza picha, na nakala yangu vilikuwa kwa Kiingereza. Bibi hakisomi, na watoto hawakuwa na subira. Basi nikashika maikrofoni nisimulie kwa Kiswahili, huku nikijiona DJ Afro, yule msimulia sinema. Dakika kumi za mwanzo nilitamba kwelikweli, natia na vichekesho. Khalati, dada wa mamangu, akanigeukia.

"Wee mwanangu, nyamaza. Ukisema wewe, simsikii yeye."

"Khalati, picha haina sauti hii."

"Ndiyo huyo huyo nisiyemsikia."

Watu wakacheka, lakini alinifunza kazi. Kuanzia hapo nikawa nasoma kibao tu, maneno machache, kisha nanyamaza. Na picha ikaanza kufanya kazi yake. Bwana Orlok, yule mnyonya damu, aliyechezwa na Max Schreck, ana masikio yaliyochongoka na kucha ndefu, na hana haraka. Gari lake la farasi ndilo lililoharibu kidogo, maana Murnau aliliendesha kwa kasi ya kupindukia, na vijana wa nyuma wakaanza kupiga kelele za tuktuk inayowahi feri Likoni. Lakini kile kivuli kilipopanda ngazi, mkono na kucha zake ukutani, sikusikia hata mtu anayetafuna kachiri.

Aibu yangu ilikuja katikati. Orlok anafika mjini kwa meli, anashuka, anabeba jeneza lake kwapani anakatiza mitaani. Jua linawaka. Fundi seremala wa mtaa wetu, ambaye hukaa mbele kwa ajili ya macho, akauliza kwa sauti ya kusikika Ngomeni: "Si umesema yeye hutoka usiku? Mbona mchana kweupe huu?" Sikuwa na jibu. Nikasema tuendelee. Mwishoni jua linapochomoza na kumyeyusha Orlok, fundi akapiga goti lake: "Hili jua limemuua, na lile la jeneza lilikuwa la nani?"

Baadaye ndipo nilipoelewa kosa ni langu. Kamera za zama zile hazikuweza kupiga picha usiku vizuri, kwa hivyo walikuwa wakipiga mchana, kisha wanatia rangi kwenye filamu: buluu ikawa usiku, manjano ikawa ndani kwenye mwanga wa taa. Mtazamaji wa 1922 akiona buluu alijua ni usiku, hakuhitaji kuambiwa. Mimi nilikuwa nimepakua nakala iliyovuliwa rangi zote, nyeusi na nyeupe tupu, nikaijaribu dakika tano za mwanzo nikaridhika. Na uchungu zaidi ni kwamba jua la kumuua mnyonya damu ni jambo ambalo picha hii ndiyo iliyolileta. Katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897, ambayo Wajerumani hawa waliichukua bila idhini wakabadilisha majina, yule bwana hutembea mchana bila kudhurika. Mjane wa Stoker aliwashtaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, na tunayo leo kwa sababu nyingine zilikuwa zimeshapenya nchi za mbali. Imeponea chupuchupu yote hiyo, halafu nikaja kuiua mimi darini kwetu kwa kutotazama rangi.

Tukapumzika kwa viazi karai na chai ya tangawizi, kisha Frankenstein.

Hapa sikusimulia sana. Kiingereza chake ni chepesi, na hakuna muziki nyuma ya maneno, kwa hivyo kila hatua ya zimwi, yule kiumbe daktari aliyemuunga kwa viungo vya maiti, inasikika sakafuni. Vijana waliokuja kucheka walicheka kidogo tu, kwenye ule umeme wa maabara. Kisha ikafika ziwani. Zimwi linakutana na mtoto wa kike, mtoto haogopi, anampa maua, wanayarusha majini yanaelea. Maua yanamwishia mkononi. Anamtazama mtoto, anamwinua, anamrusha naye, akidhani ataelea vilevile. Kipande hiki kilikatwa miaka mingi kwenye nakala zilizozunguka duniani, kikarudishwa miaka ya 1980. Waliokikata waliharibu zaidi, maana mtu aliona mikono inamwendea mtoto, halafu baadaye anaona maiti, katikati akajijazia mwenyewe mabaya kuliko yaliyokuwepo.

Baba wa mtoto alikuwa anapita na maiti mikononi, katikati ya watu wanaocheza kwa furaha ya harusi, mara pa! Giza. Tokeni za umeme zimeisha. Zangu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Projekta, spika na friji ya bibi vyote vilikuwa kwenye mita moja.

Nilikuwa nahangaika na simu ninunue tokeni, mtandao unazunguka tu, na pale gizani watu wakaanza kusema. Sikumuuliza mtu.

"Kosa ni la yule mtumishi aliyeiba ubongo mbovu," akasema fundi. Kwenye picha, msaidizi wa daktari anaangusha chupa yenye ubongo wa mtu mwema, akachukua wa mhalifu.

Kijana mmoja akamkatalia: "Ubongo wa mhalifu, lakini toka azaliwe amefanya uhalifu gani? Ameogopa moto. Ametaka mwangaza. Wao ndio waliomfunga minyororo na kumchomachoma na mwenge." Huyo kijana, ningempa karatasi, angeandika "safi sana". Nami nakubaliana naye: ile chupa ya ubongo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye picha ile, kama kwamba mtengenezaji aliogopa kutuachia tuamue wenyewe.

Kisha sauti ya khalati, pole pole: "Mtoto siku ya saba hupewa jina. Huyu baba yake kamuumba, kamwona sura mbaya, kamkimbia. Hata jina hakumpa. Mtoto asiye na jina utamwita vipi akusikie?"

Kimya. Nikawaambia jambo nililolijua: hata kwenye majina ya mwanzo wa picha, mahali pa mchezaji wa zimwi hawakuandika mtu, waliweka alama ya kuuliza. Jina la Boris Karloff linatokea mwishoni. Na Karloff nalo halikuwa lake la kuzaliwa. Alikuwa William Henry Pratt, mzaliwa wa London, na ukoo wake una damu ya Kihindi. Jirani yetu wa Kibohora akasema gizani: "Nilijua. Macho yale nimeyaona kwa mjomba wangu."

Tokeni zikaingia, tukamaliza. Kinu kikateketea na zimwi ndani, na hakuna aliyepiga makofi. Ndipo mimi, bila akili, nikagawa karatasi.

Kesho yake baada ya alasiri nilikwenda barazani na sikuuliza kitu. Niliagiza kahawa chungu na kashata nikakaa. Dakika tano hazikupita, nahodha akaanza. Yeye Frankenstein haikumhusu, ilimshika ile meli ya Orlok. "Baharia mmoja mmoja wanakwisha, sarahangi anajitupa baharini, yule nahodha anafanya nini? Anajifunga kwenye usukani. Mwanamume yule." Kisha akanieleza zile sahani za bati zinazovishwa kwenye kamba za meli pale Kilindini ili panya wasiteremke. Kwake yeye Orlok hakuwa jini wala mnyonya damu, alikuwa maradhi yaliyoshuka forodhani, na ule mji ulikuwa na makosa kuifungulia meli isiyo na watu. Sijasoma mahali maelezo ya picha ile yaliyonyooka kama hayo, na mtoaji alikuwa anachovya kashata kwenye kahawa.

Fundi nilimwonyesha kwenye simu nakala yenye rangi, Orlok na jeneza lake, buluu. Akaitazama mara mbili. "Aa. Basi ni usiku." Nikashusha pumzi. Akairudisha nyuma akaikuza kwa vidole. "Lakini kivuli chake kile pale chini. Buluu haikukifuta."

Maoni ya wanawake alinikusanyia dadangu jikoni wakikuna nazi, naye hakuuliza pia, alisema tu kwamba hakulala. Wengi walimhurumia Ellen wa kwenye Nosferatu, mke wa Hutter, aliyejitoa ili mji upone huku mumewe kakimbilia kuita daktari. Mmoja alisema mume kama huyo hafai hata kutumwa chumvi. Na yule kijana aliyepiga kelele za tuktuk, mamake alitoboa siri: tangu usiku ule hashuki ngazi za nyumba yao mpaka awashiwe taa.

Khalati ndiye aliyenishangaza. Hataki tuseme "zimwi" mbele yake. Anamwita Yatima, na watoto wa kichochoroni wameshalishika. Juzi alinipigia simu kuuliza kama ni kweli alikufa kinuni. Nikamwambia iko picha nyengine ya James Whale, ya mwaka 1935, humo yuko hai na anatafutiwa mke.

Akanyamaza kidogo. "Na mahari atamtolea nani?"