Seva imegoma kuwaka na picha za harusi ziko ndani

Jumamosi asubuhi, Uyole hapa Mbeya, baridi ile ya mwezi wa saba ukipumua unatoka moshi, nawasha seva yangu ya nyumbani (kompyuta ya kutunzia mafaili ya familia) baada ya umeme kukatika usiku, kimya. Nikachomeka monita, inasema haioni pa kuwakia. Kumbe kale kaflashi nilikoweka TrueNAS, yaani mfumo unaoendesha seva, tangu naanza ndo kamekufa, kwenye laptopu kanawaka taa tu basi. Mama watoto akauliza picha za harusi zipo? Nikajibu zipo, ila roho iko mkononi.

Bahati ni kwamba ZFS, namna TrueNAS inavyopanga data kwenye diski, inaandika taarifa za puli (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa hifadhi moja) kwenye diski zenyewe za data, sio kwenye ya kuwashia, so mfumo ukifa diski bado zinajuana. Nikazichomoa kwanza nyaya zote (uoga, ila ukikosea kuchagua diski wakati wa kuinstoo umefuta kila kitu), nikashuka sokoni Mwanjelwa nikachukua SSD ndogo ya mtumba, nikainstoo upya, nikarudisha nyaya. Nikaandika zpool import, amri ya kuiingiza puli kwenye mfumo mpya, puli ikaonekana ila ikagoma, inadai ilikuwa inatumika na mfumo mwingine, nikaongeza -f ya kulazimisha, ikaingia. Daah!

Kilichoniuma ni faili la setingi za TrueNAS, lilikufa na flashi, kulipakua ni dakika mbili na sikuwahi, kwa hiyo mayuza (akaunti za watumiaji), folda za kushea, ratiba za snepishoti (nakala za hali ya data kwa wakati fulani), vyote nimeanza moja mpaka saa nne usiku nimejifunika blanketi. Sa hivi nakala ya faili la setingi iko kwenye laptopu ya mama watoto, hajui ni ya nini ila nimemkataza kuifuta.