Nyumba bila moshi, na mume aliyepigana Kagera

Mume wangu alianza kuvuta sigara vitani Kagera, 1979, na alipostaafu jeshi akarudi nayo hapa Makorora, Tanga. Kuacha sikumshikia bango. Nilichokisimamia ni kimoja: ndani ya nyumba asivute. Mjukuu tunayeishi naye ana pumu, na usiku akibanwa, kifua chake nakisikia kinalia filimbi hadi chumba cha pili.

Kwanza alikubali nusu: atavutia sebuleni, madirisha wazi. Nesi wa kliniki ya mtoto akamweleza kwa upole kuwa dirisha halitoshi. Moshi unaganda kwenye mapazia, godoro na nguo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na madhara.

Nikamwambia, "Baba Zuhura, wa kutoa amri hapa ni wewe. Sisemi uache leo, nataka mtoto alale." Hakujibu. Jioni wastaafu wenzake walipokuja kucheza bao, mmoja akatoa kiberiti. Mume wangu akamwambia, "Afande, ndani hapavutwi. Tutoke mwembeni." Wakabeba bao lao wakatoka. Tangu siku hiyo wageni anawaambia mwenyewe.

Kazi ilikuwa usiku. Asiyeishi na askari aliyeona vita hajui: anashtuka usiku wa manane, jasho linamtoka, mkono unapapasa sigara kabla macho hayajafunguka. Kumfukuza nje saa ile ni ukatili. Basi pakiti na kiberiti nikavitoa chini ya mto, nikaviweka kando ya mlango wa uani pamoja na kandambili, tochi na shuka. Uani nikaweka viti viwili na kopo la mchanga, mbali na dirisha la mtoto. Akishtuka naamka naye, tunakaa. Siku nyingine anasimulia ya kule, siku nyingine hasemi kitu, na zipo siku anamaliza kusimulia sigara iko mkononi, hajaiwasha.

Masika ikaja, na mvua za Tanga hazina mchezo. Fundi akatupigia kibanda cha bati mwisho wa ua, yakaisha.

Mapazia niliyafua yote, godoro nikalianika juani. Mtoto pumu anayo bado na dawa yake ya kuvuta haikai mbali, ila usiku analala. Mzee anavuta, lakini amepunguza. Juzi kaniuliza kliniki ni lini, anataka kumuuliza yule nesi namna ya kuacha.