Rimu ni Sufuria

Mwaka jana, miezi michache kabla ya Ramadhani, mdogo wangu wa Wete, Pemba, aliniandikia: "Kaka, nitafutie rimu za spoti, hizi za chuma zishanitia aibu." Ana Corolla ya mwaka 1998. Aibu yenyewe ni vile vifuniko vya plastiki alivyovifunga kwa waya, kimoja chekundu, viwili vya kijivu, cha nne kilishadondoka zamani njia ya Chake.

Ukiwa Uingereza ndugu zako wanaamini maduka yote yako nyuma ya mlango wako. Mimi naishi Leicester, kazi yangu ni ya usiku kwenye ghala, na nyuma ya mlango wangu pana kiwanja kidogo cha saruji na kamba ya kuanikia nguo. Hapo ndipo nilipokwenda kuwa fundi.

Nilizozipata ni rimu nne za inchi 14 zilizotoka kwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, kigari cha watu wawili kisicho na paa. Rafiki zangu walicheka. Lakini pima: nati nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, tundu la kati milimita 54.1, sawasawa na Corolla ya mdogo wangu. Rimu ikiwa na tundu kubwa kuliko kitovu cha gari hubaki ikining'inia kwenye nati tu, na ukikimbiza gari, usukani unatetemeka mpaka meno. Wengi nyumbani hununua rimu kwa sura, halafu wanamlaumu fundi wa balansi.

Sura ya hizi ilikuwa mbaya. Klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi, imevimba, na chini yake mna vijinyuzi vyeupe vimetambaa kama minyoo. Huo ni ugonjwa wa huku. Baridi ikizidi, magari ya manispaa hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isishike. Maji ya chumvi yakipata mkwaruzo mmoja tu kwenye klia, huingia na kutambaa katikati ya klia na alumini, na hapo kupaka rangi juu ni kufunika uchafu kwa mkeka. Lazima uvue yote.

Na mimi kwa ubahili wangu sikununua rimuva, dawa ya kuvulia rangi. Chini ya sinki palikuwa na dawa ya kusafishia oveni, nikasoma kwamba inakula mafuta yaliyoungua, nikasema itashindwaje na klia? Nikaipulizia rimu ya kwanza, nikaingia ndani kunywa chai. Kutoka nje, rimu inatoa povu na mapovu madogo kama soda, na ilipooshwa ilikuwa nyeusi kama imetolewa jikoni kwa kuni.

Jioni mama akapiga simu ya picha. Nikamwamkia, akaitikia, macho yake yashapita begani kwangu.

"Hiyo umepikia nini?"

"Si sufuria mama, ni rimu ya gari."

"Rimu ni sufuria. Umeitia magadi?"

Nikabaki nimetazama simu. Dawa ile ina soda kali, na soda kali na magadi ni ukoo mmoja: vyote hushambulia alumini. Mama hajasoma kemia, lakini amepikia magadi miaka yote na anajua sufuria yake inavyosawijika ndani. Anajua pia kwamba siku ya mchuzi wa ukwaju sufuria hiyo hiyo hutoka nyeupe, kwa sababu asidi huondoa ule weusi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa nyuma ya nyumba na kumbi la nazi na majivu kusugua masufuria, nikinung'unika, na hili sikulifikiria hata chembe. (Usije ukafanya jaribio langu. Zile povu ni haidrojeni, nayo hushika moto, na soda yenyewe inakula jicho la mtu vizuri zaidi kuliko inavyokula klia.)

Nikanunua rimuva. Ile kali ya zamani hawauziwi tena watu wa kawaida huku, kwa sababu mvuke wake unaua. Hii ya sasa ni mvivu: unapaka nene, unafunika kwa nailoni, unarudi kesho, unakwangua kwa kijiti cha plastiki, unapaka tena. Brashi ya chuma usiiguse. Huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na baadaye zinatoka kutu kama madoa ya chai.

Kisha msasa. Waingereza huuita karatasi ya mchanga, sisi tunauita kwa jina la mti wake, maana maseremala wetu walisugua milango kwa majani ya msasa kabla karatasi hazijaja. Nilianza na namba 240 penye mikwaruzo ya ukingo wa barabara, nikapanda 400, 600, 800, 1000, 1500, mpaka 2000, yote kwa maji yenye matone ya sabuni ya vyombo. Kila namba unabadilisha mwelekeo: ikiwa hii umesugua kwenda juu, inayofuata unasugua kwa mshazari, ili uone kama mistari ya jana imefutika. Ukiruka namba moja kwa haraka zako, polishi itakuumbua. Mng'ao hauzibi mikwaruzo, unaionyesha. Rimu moja ilinila wikiendi mbili, na vidole vilikuwa havisomeki na mashine ya alama za vidole kazini.

Nilizimaliza mbili. Rimu zote nne zikapakiwa kwenye kontena pamoja na mizigo ya wenzangu mpaka Unguja, kisha zikapanda boti hadi bandari ya Mkoani, Pemba, na mimi nikafuata kwa ajili ya Idi.

Wete tulikaa chini ya mwembe na zile mbili zilizobaki. Nilikuja na mpira wa kupolishia wa kufunga kwenye drili, na umeme ukakatika siku ileile, basi ikawa mikono. Vijana watatu wa mtaani walijiunga bila kualikwa. Polishi ikishaanza kufanya kazi kitambaa hugeuka cheusi tititi, na kijana mmoja akadhani ni uchafu uliobaki, akataka kuosha. Nikamwambia endelea, hiyo nyeusi ni alumini yenyewe inayotoka. Rimu ya nne ina vishimo vidogo visivyoondoka, ni vya kuzaliwa, vya kwenye kalibu. Tukaiweka upande wa ukutani.

Tulizozana kuhusu klia tu. Mdogo wangu aliitaka, "ing'ae daima". Mimi nikakataa: uso uliolainishwa mpaka kioo haushiki klia vizuri, na hewa ya bahari ya Pemba ina chumvi yake isiyongoja baridi. Jiwe moja la barabarani, na minyoo wale wa Leicester watazaliwa Wete. Bora alumini tupu na nta juu, aoshe kwa maji baridi, apolishi tena ikifubaa. Akakubali kwa shingo upande. Yeye huosha gari kila siku hata hivyo, ni wa aina hiyo.

Kabla ya kufunga niligonga kila rimu na kuikagua kwa ndani kutafuta ufa, maana rimu yenye ufa haina dawa, ni ya kutupa. Nati za koni, tukazikaza kwa kupishana, hii na ya mkabala wake. Siku ya pili tukaenda Mkoani na kurudi, tukazikaza tena.

Sikukuu ilipita, nikarudi kwenye ghala langu. Juzi mdogo wangu amenitumia picha: rimu zimefifia kidogo, kama nilivyomwambia. Nikamuuliza mbona hazipolishi na kopo nimemwachia. Kopo, anasema, liko kwa mama. Ameshang'arisha nalo vifuniko vyote vya masufuria, na sasa jirani ameleta vyake. Nimempigia kumsihi asiguse ndani ya sufuria. Akaniuliza kopo jingine linauzwa bei gani huko.