Uvimbe gani?

Kibosho, tarehe 8 Juni

Mlima Kilimanjaro haujaonekana tangu juzi. Juni ndivyo ilivyo huku kwetu, ukungu unakuja hadi mlangoni na watu wanashinda na makoti. Nimekaa jikoni kwa mama, yeye yuko kwenye jumuiya, nami nataka kuandika kabla hajarudi.

Leo ndiyo siku ya kuwakumbuka duniani kote wenye uvimbe kwenye ubongo. Ilianzishwa Ujerumani mwaka 2000, na chama cha huko kinachosaidia wagonjwa. Miaka miwili iliyopita sikujua kama kuna siku ya namna hiyo. Sikujua mengi.

Kwetu ilianza na sufuria ya mtori. Nilipanda kutoka mjini Jumamosi moja, na nilipofika ukingoni mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikasikia harufu ya kuungua. Nikakimbia. Nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, hatua mbili kutoka mafigani, anachambua maharage. Moshi umejaa jikoni, ndizi zimegandia chini ya sufuria nyeusi tii, machozi yanamtoka kwa ule moshi, lakini mikono inaendelea na maharage.

"Mama, husikii harufu?"

Akaniangalia kwa utulivu ambao si wake. "Harufu ya nini?"

Tukasema ni umri, ingawa alikuwa na miaka 57 tu. Shangazi akasema ni majonzi ya kufiwa na baba. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amekuwa na maringo, maana alikuwa anapishana na watu njiani bila salamu. Mama yangu, ambaye kwenda dukani kununua chumvi kulimchukua saa nzima kwa kusalimia! Zahanati wakamtibu malaria, kisha taifodi, kisha presha. Kichwa kilimuuma alfajiri, akitapika ndipo anapata nafuu kidogo. Halafu siku moja akaanguka kifafa uani, watu wakaja mbio na kijiko wamtie mdomoni. Sasa najua kwamba kijiko kile kingeweza kumvunja meno. Mtu akipatwa na hali ile hatiwi kitu mdomoni. Analazwa ubavu, vitu vya kumuumiza vinaondolewa karibu naye, saa inaangaliwa, na zikipita dakika tano bila kutulia anakimbizwa hospitali. Siku ile nilisimama tu nikapiga kelele.

Picha ya kichwa ikapigwa. Daktari wa hospitali ile, sitaitaja, alituambia maneno sita akiwa amesimama mlangoni: "Ana uvimbe kwenye ubongo. Mtaenda Dar." Akaondoka.

Uvimbe. Nyuki akikuuma ni uvimbe, mtoto akijigonga ukutani ni uvimbe, na hiki kilichomo kichwani mwa mama nacho ni uvimbe. Usiku ule nilitafuta kwenye simu. Kwa Kiswahili nikakutana na matangazo ya mitishamba ya kuyeyusha uvimbe wa aina yoyote. Kwa Kiingereza nikaangukia kwenye glioblastoma, aina ya uvimbe wa ubongo iliyo kali kuliko karibu zote, nikasoma habari zake hadi saa tisa usiku. Nilimzika mama usiku ule, naye amelala chumba cha pili anakoroma.

Aliyenitoa shimoni nilimkuta kwenye benchi, pale MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo iliyopo Muhimbili, Dar. Alinisikia nikiongea Kichagga kwenye simu.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Shikamoo mama. Wa Kibosho."

"Marahaba. Mimi wa Himo. Umemleta nani?"

Nikamwambia nimemleta mama, ana uvimbe kwenye ubongo. Akauliza, "Uvimbe gani?" Nikarudia, kwenye ubongo. Akatikisa kichwa.

"Hapo umenitajia mtaa. Mimi nakuuliza nyumba."

Akatoa daftari la shule kwenye kikapu, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limekunjika pembe zote. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maswali matatu aliyoyaandika kwa kalamu nyekundu. Umetokea wapi, ndani ya ubongo wenyewe au kwenye utando unaoufunika? Unakandamiza nini? Na kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe kikishapimwa, ni daraja la ngapi la ukali, maana madaraja yako manne, la 1 hadi la 4? Chini yake kulikuwa na kurasa za dawa. Ni yeye aliyeniambia kwamba vidonge vya deksamethasoni alivyopewa mama kupunguza uvimbe wa maji kuzunguka ule wenyewe, mtu akivinywa jioni vinamfukuzia usingizi, kwa hiyo niombe kama vinaweza kunywewa asubuhi baada ya chakula. Kwamba vinaleta njaa isiyoisha na kupandisha sukari, kwa hiyo ipimwe. Na kwamba visikatishwe ghafla hata mgonjwa akijisikia mzima, daktari ndiye anayevipunguza kidogo kidogo. Nilimuuliza nesi, naye akasema ndivyo. Akanionyesha pia ofisi ya ustawi wa jamii, ambako mtu aliyeishiwa anasikilizwa. Nilikuwa nimeupita mlango ule siku tatu bila kujua ni wa nini.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba mumewe ndiye aliyekuwa na ile glioblastoma. Alikuwa ameshapasuliwa, na sasa walikuwa wakienda Ocean Road, hospitali ya saratani, kwa mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Ile nyumba niliyoiogopa usiku kucha, yeye ndiye aliyekuwa akiishi ndani yake, na bado alikuwa na nafasi ya kunishika mkono.

Kesho yake nikaingia kwa daktari na maswali yangu matatu. Alipoyaona alivuta kiti, akakaa, akachora duara nyuma ya karatasi. Huenda ni meninjioma, akasema. Haikuota kwenye ubongo, imeota kwenye utando, hapa juu ya mishipa ya kunusia. Inakua taratibu, yaweza kuwa imekuwapo miaka. Inausukuma ubongo wa mbele, na hapo ndipo zilipo hamu ya mtu na tabia zake. Nikamweleza habari ya mtori na ya salamu. Akasema vyote viwili ni vya hapo hapo.

Nililia sana kwenye ile korido, kwa sababu mama hakuwa amejivuna. Nilipiga simu nyumbani nikawaambia mmoja mmoja, shangazi, mwenyekiti wa jumuiya, hata jirani aliyeanzisha maneno.

Upasuaji ulikwenda salama. Majibu ya kinyama yakatoka: meninjioma, daraja la 1. Sasa tunarudi kupiga picha ya kichwa ya MRI kila tunapopangiwa, maana hata hiyo ya upole inaweza kuota tena.

Baba wa Himo hakupona. Nilikwenda msibani, na mama yule aliponiona, kabla sijapata neno la kumpa pole, aliniuliza, "Mama anaendeleaje?"

Nimesoma kwamba chama cha Marekani kinachosaidia watu wenye ugonjwa huu kilianzishwa Chicago mwaka 1973 na akina mama wawili vijana, kila mmoja na mtoto mwenye uvimbe. Mama wawili! Nilimpigia mama wa Himo siku hiyo hiyo nikamsomea. Sisi si chama, tuna daftari tu. Lakini vijitabu vya Kiingereza navitafsiri usiku nikimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, kisha namsomea, naye anakataa kila neno ambalo mkulima wa Rombo hataelewa. Naumia kuona mgonjwa anapewa bahasha kubwa ya picha bila hata ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani yake. Ukurasa mmoja tu ungetosha kuanzia. Tumeshapigiwa na watu wa Rombo, wa Same, wa Arusha. Wanaanza kwa kulia, nasi tunasubiri, halafu tunauliza uvimbe gani. Wengi wanajibu kama nilivyojibu mimi.

Mama amerudi. Nimemsikia akisalimiana na watu kuanzia kule barabarani, ameshachelewa nusu saa. Salamu zimerudi zote. Harufu haikurudi, na daktari alishatuambia tusiitegemee. Amebandika ndizi, amepunguza kuni, anafunua sufuria na kuinama juu ya mvuke kwa mazoea tu.

"We mwanangu," ananiita, "acha hiyo simu. Njoo uninusie."