Kanwa la siwa

Mteja wangu alitaka picha ya siwa ya Pate, lile baragumu la kale, kwa ajili ya ukumbi wa harusi ya binti yake. Fremu aliyoileta ilikuwa ya mraba, na siwa ni kitu kirefu: pembe za ndovu zilizounganishwa, zaidi ya mita 2. Nikaikata picha. Nikabakisha mwisho mpana wenye nakshi, kwa kuwa ndio unaovutia macho, na upande mwembamba nikautupa.

Ami, fundi wa milango aliyestaafu, hupita dukani kwangu hapa mtaa wa Langoni, Lamu, kusubiri adhana ya adhuhuri. Aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole chake kwenye ukingo wa karatasi.

"Mwanangu, siwa hini kanwa lake li wapi?"

Siwa haipulizwi mwishoni kama tarumbeta. Kanwa lake, yaani tundu la kupulizia, liko ubavuni, karibu na upande mwembamba, na ndilo hasa nililolitupa. Nilikuwa nimebakisha pembe tu.

Niliona haya, maana kisa chake nimekisikia tangu utotoni. Mwana Darini wa Pate alitaka siwa ya mji ipigwe katika tohara ya mwanawe. Akanyimwa. Akamwita fundi amchongee siwa nyingine, ya pembe za ndovu, na sherehe ikafanyika. Mama yule hakutaka pambo la kutazamwa. Alitaka mji mzima usikie kwamba mwanawe ni muungwana kama watoto wa mfalme.

Usiku ule nilifungua kompyuta nikapitia picha zote za kale ninazouza. Ramani ya mwanajiografia al-Idrisi ya mwaka 1154, aliyomchorea mfalme Roger wa Sicily, ina kusini juu. Mteja mmoja wa Malindi aliwahi kuniomba niigeuze "ikae sawa", nami nikaigeuza, maandishi ya Kiarabu yakabaki kichwa chini. Sitafanya hivyo tena. Aliyeichora alijua anachokifanya, na pwani yetu iko pale juu, mahali alipoiweka yeye.

Kuna pia twiga wa Uchina. Mchoro wake ni wa mwaka 1414, na twiga yule alifika kutoka Bengal. Mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi wakapeleka mwingine. Wachina walimwita qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye huonekana enzi ya mfalme mwema. Wanunuzi wengi humtaka twiga peke yake. Lakini kando yake yuko mtu aliyeshika kamba, ameinua uso kumtazama, na mimi kila nikimwona humfikiria yule wa safari ya Malindi: nani alimlisha mnyama mrefu vile, majini, miezi yote ile? Mtu huyo hatoki kwenye picha yangu.

Na ukurasa wa Muhamadi Kijumwa, mwana wa Lamu hapa hapa, mtunzi, mchongaji, mpiga kibangala (ala ya nyuzi), bingwa wa khati. Ndiye aliyeuandika utenzi wa shujaa Fumo Liyongo mwaka 1913: Liyongo kifungoni, tupa imefichwa ndani ya mkate wa wishwa, watu nje wakipiga ngoma ya gungu kwa kishindo huku yeye akikata pingu. Kwenye kurasa za Kijumwa hata pambizo ni kazi ya mkono wake. Ukipunguza pambizo umempunguza mwenyewe.

Picha ya siwa niliichapisha upya kwa gharama yangu, ndefu na nyembamba, nikatengeneza fremu mpya ya mbao ya mvule. Mama wa harusi alilalamika kidogo kwamba haitoenea pale alipopanga, kisha akaridhika. Kabla hajaja kuichukua, ami alipita tena. Alivaa miwani, akainama, akalitafuta tundu ubavuni mwa siwa, akalipata. Akakunja midomo kama anayepuliza.

"Naam," akasema, akaenda zake msikitini.